Mtandao wa madaktari vijana wa WONCA: mahali pa kujifunzia uongozi

Kwa daktari anayesomea ubingwa wa tiba ya familia, uongozi hospitalini mara nyingi huishia kwenye kupanga zamu. Mtandao huu wa WONCA, shirika la dunia la madaktari wa familia, unatoa uwanja mpana zaidi, nasi tunaupendekeza. Hupokea walio masomoni na waliohitimu ndani ya miaka 5 iliyopita, kwa matawi ya kanda: AfriWon Afrika, EYFDM (zamani Vasco da Gama) Ulaya, Polaris Amerika Kaskazini.

Kilicho bora ni FM360, mpango wa kubadilishana unaompeleka daktari kwenye kliniki ya nchi nyingine kwa hadi wiki 4. Wengi hukwama kwa kumwandikia mwenyeji kabla mkuu wa mafunzo hajaridhia, au kwa kudhani viza inatosha kuingia chumba cha mgonjwa. Haitoshi, kliniki nayo ina kibali chake. Anza na ratiba ya zamu, kisha ruhusa ya maandishi, ndipo uombe. Nauli ni mzigo wa mwombaji, na hiyo ni kasoro kubwa.

Ukichaguliwa kwenye kamati ya mtandao, dai makabidhiano ya maandishi: nywila, anwani, ahadi zilizobaki. Masomo huisha, viongozi huondoka, na kazi nyingi hupotea hapo.