Kamera ndogo ya kutumia ziwani: uzoefu wangu na Lumix TZ100

Nilichagua Panasonic Lumix TZ100 kwa sababu ya jua la Mwanza. Simama Mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni, saa saba mchana, maji yakimetameta mbele yako, kisha jaribu kutazama kioo cha nyuma cha kamera. Utaona uso wako na alama za vidole, picha huioni. Kamera nyingi ndogo hazina kijicho cha kuchungulia. TZ100 inacho, pale juu kushoto. Ukiileta jichoni mwanga wa nje unazibika, na unaona kila kilichoingia kwenye picha kabla hujabonyeza. Kijicho chenyewe ni kidogo, mwenye miwani atasumbuka, lakini kwangu hicho ndicho kilichoamua.

Napiga picha za dagaa na watu wake: akina mama wanaoanika, wabebaji, mafundi wa mitumbwi. Mtu akiwa hatua mbili kutoka kwangu, simu inatosha kabisa. Mtumbwi ukiwa mbali ndipo simu yangu inaposhindwa, maana inakata kipande cha picha na kukikuza, nyavu zinageuka uji. Lenzi ya TZ100 inavuta mara 10 kwa vioo vyake yenyewe, kuanzia milimita 25 hadi 250 (namba ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi). Nikiwa nchi kavu naweza kumpata mvuvi anayekunja nyavu, na ukiikuza picha nyumbani unahesabu maboya.

Dukani watakutajia megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Hii ina 20, na kuna kamera za bei ya chini sana zenye 20 hizo hizo. Uliza ukubwa wa kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga. Cha TZ100 ni milimita 13.2 kwa 8.8, wakati kamera nyingi ndogo za kawaida zina cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Eneo linazidi karibu mara nne. Utaijua tofauti alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi baada ya kuvua usiku kwa taa: kwenye kihisi kidogo giza linajaa chengachenga, hapa rangi ya mbao na ya maji bado inasomeka. Ila ukivuta hadi mwisho, tundu la lenzi linabana kutoka f/2.8 mpaka f/5.9 (namba ikipanda, mwanga unaoingia unapungua), kwa hiyo alfajiri sivuti. Natembea, nasalimia, nasogea.

Nililinganisha na nyingine mbili. Sony RX100 ya mwaka 2012 ina kihisi cha ukubwa huo huo na lenzi ya f/1.8, inameza mwanga vizuri zaidi, lakini inaishia milimita 100 na haina kijicho. Canon SX740 HS inavuta mara 40, hadi milimita 960. Anayekwenda kisiwa cha Saanane kutafuta ndege ataipenda. Kihisi chake ni kile kidogo, na kijicho haina pia.

Sasa jambo ambalo nalijali kuliko yote. Mama amesimama na karai, ziwa liko nyuma yake linawaka. Kamera inapima mwanga wa maji, inadhani kila kitu kinang'aa, inapunguza, na uso wa mama unatoka mweusi tii. Napandisha mwanga hadi +1 kwenye kipimo cha kamera, mara nyingine zaidi kidogo, maji nyuma yaungue yawe meupe kama yanataka. Hapo macho yanaonekana, na lile gamba la dagaa lililoganda shavuni. Dagaa wenyewe wakishatandazwa juani nafanya kinyume, nashusha kidogo, la sivyo ile fedha yao inageuka nyeupe tupu. TZ100 inayafanya haya kwa kitufe kimoja. Sikubali picha ambayo mtu amekuwa kivuli katikati ya kazi yake mwenyewe.

Udhaifu wake mkubwa ni vumbi. Lenzi inatoka na kurudi ndani kila ukiwasha na kuzima, na kila safari inaweza kunyonya mchanga laini wa ufukweni. Kwa kuwa lenzi haibanduki kwenye kamera, huwezi kupuliza ndani. Ni lazima fundi aifungue. Unayenunua iliyotumika, fanya hivi mbele ya muuzaji: weka f/8, elekeza kamera kwenye anga tupu, piga, kisha ikuze picha na uipitie pembe kwa pembe. Ukiona vidoa vya kijivu, rudisha au shusha bei.

Maji nayo haiyataki. Kwa anayeingia mtumbwini kila siku ningempa Olympus TG-6, inayohimili kuzama mita 15. Ina megapikseli 12 tu, kihisi kidogo, na kijicho haina, lakini itarudi nchi kavu ikiwa inafanya kazi.

Betri ya TZ100, kwa kipimo cha mtengenezaji, inatoa picha kama 300, na ukichungulia sana inaisha mapema. Inachajiwa kwa waya wa USB wa zile simu za zamani, hivyo pawabenki inaitosha kabisa. Betri ya akiba ni DMW-BLG10. Inunue siku ile ile unayonunua kamera.