Ati sijui kufua!

Jina la pahala penyewe silitaji, wa mjini mtapajua. Ni darasa la kufuma na kutengeneza felti, kile kitambaa cha unyoya wa kondoo ulioshikana, ghorofani, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Ngazi zake tu ni adhabu.

Kazi yenyewe tamu. Unafuma mkoba kwa sindano nene, mishono milegevu, mkubwa mpaka unachekesha. Kisha unautosa kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, unasugua na kusugua mpaka unywee, mishono ipotee, uwe kitu kimoja kizito kama zulia. Unyoya wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Moto na msuguano huyafanya yanasane, yakishanasana hayaachani tena.

Basi nikasugua. Birika la kwanza, la pili, la tatu, vidole vyekundu. Mikoba ya wenzangu inakaza, wangu wa rangi ya zafarani unaelea tu, kila mshono unanitazama. Mwalimu akaja, akaunyanyua kwa vidole viwili, akasema mbele ya watu: "Bibie, wewe hujazoea kufua, eh? Nyumbani una mfanyakazi."

Mie! Mie niliyekulia Wete, nikafua sare za skuli za wadogo zangu sita kwa sabuni ya mche! Kanzu ya Ijumaa ya marehemu baba ilikuwa ikitoka mikononi mwangu nyeupe mpaka inaumiza macho. Nikanyamaza, lakini usiku ule usingizi haukuja.

Nikainuka, nikakata kipande cha ule uzi wao, nikakiwasha kiberiti. Sufi ya kweli, yaani hiyo ya kondoo, ikiungua hunuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, na majivu yake yanasagika. Huu uliyeyuka, ukabakisha kitone kigumu kama ushanga. Plastiki! Akriliki! Hata ungeuchemsha mpaka Idi usingenywea. Na nimeuchagua kwenye kapu lao, nikaulipia kwa bei ya sufi.

Nikarudi na ushahidi wangu. Kijana wa mlangoni hata simu hakuiweka chini: "Uzi ukishafumwa haurudishwi."

Msiende. Wallahi msiende.

Ila... dada yangu anayekaa Uingereza alikuja na madonge mawili ya uzi wa sufi safi, isiyotiwa dawa ya kufulika kwa mashine, maana hiyo nayo hainywei. Nikafuma mkoba mwingine, nikausugua jikoni kwangu. Haijafika nusu saa mishono ikaanza kufifia, nikapiga kigelegele peke yangu. Ukanywea urefu kuliko upana, kama alivyosema mwalimu. Nikausuuza kwa maji baridi, nikaukamua kwenye taula, nikauvisha kopo la maziwa ukauke na umbo lake. Yote hayo kanifunza yeye, na inaniuma kukiri.

Basi nendeni kama mnataka, anajua kazi yake. Uzi chukueni wenu. Lakini msamaha nautaka, tena mbele ya watu walewale.

Ule wa zafarani ninao bado. Natilia vibanio vya nguo.