Upanga wangu wa bluu na kile kifundo cha hariri

Hasira bado ninazo, kwa hiyo mnivumilie. Miezi kadhaa nyuma nilinunua katana, ule upanga wa Kijapani, wa kupamba sebule tu. Bapa lake bluu iliyokoza, ukiwasha taa linameta mpaka wageni wanaacha chai ipoe.

Ndani ya boksi kulikuwa na vifaa vya usafi: kichupa cha mafuta, karatasi laini, na kijiti chenye kifundo cha hariri nyekundu ambacho ukikigonga kinatoa unga mweupe. Jumamosi moja nikajifanya samurai. Nikagonga unga, nikafuta polepole kuelekea ncha. Mara ya tatu karatasi ikatoka na bluu. Kutazama bapa, michirizi ya kijivu imejaa karibu na mpini, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Kumbe ule unga ni kinoo kilichosagwa! Wajapani huutumia kwenye chuma kitupu, unyonye mafuta ya zamani kabla ya kupaka mapya, maana chuma chao kinashika kutu. Changu kimepakwa rangi. Rangi na kinoo wapi na wapi?

Nikampigia muuzaji. "Bosi, upanga wa kuangalia wewe unausugulia nini?" Akacheka. Nikamwambia, sasa kifundo mmeniwekea nikitie kwenye chai? "Vinakuja hivyohivyo, bosi." Akakata simu. Hela ningeisamehe, kicheko kile, hapana.

Basi wenye panga za rangi, unga huo tupeni. Kitambaa laini cha kufutia miwani kinatosha, na msiuchomoe kila mgeni akija, mdomo wa ala nao unakwaruza. Vidole mbali pia, jasho lina chumvi.

Mafuta, lakini, nayasifu. Mama mkwe, mtu wa Pemba, alinusa kichupa akasema, "Mwanangu, hii si karafuu hii?" Karafuu kweli! Wajapani wanayaita choji, na choji ndiyo karafuu yenyewe. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wa upanga, hata watoto hawausogelei.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Nimeugeuza, michirizi imetazama ukuta, na jana usiku ulipendeza mno. Nyota tatu basi. Hapana, mbili. Jamaa alicheka.