Vikuba vya kupamba kwa mdogo wangu, uzoefu wangu na mama wa Mji wa Kale

Kwa sherehe ya kupamba ya mdogo wangu, niliagiza vikuba 40 vya wageni (vile vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia, vya kutia kifuani), kimoja kikubwa chake yeye bi harusi na koja la asumini la kuvaa shingoni, kwa mama mmoja huku Mji wa Kale Mombasa, na mashallah nimeridhika sana.

Nilikuwa na wasiwasi maana mwaka jana kwa binamu yangu tulichukua kwa mtu mwengine tukaletewa vikuba vimejazwa kivumbasi badala ya rehani, yale majani ya kunukia. Asojua ataona majani tu, lakini kivumbasi jani lake ni pana, lina malaika (vinyweleo), na ile harufu kali ya kufukuzia mbu, sasa bi harusi akitiwa kifuani anuke vile kweli? Na asumini zilikuwa zishachanua tangu jana yake, saa tatu usiku zishageuka rangi ya chai.

Huyu mama kabla ya kuuliza vikuba vingapi aliniuliza bi harusi anatoka saa ngapi. Asumini huchanua usiku, kwa hivyo yeye huchuma tumba alasiri zikiwa nyeupe zimejaa lakini bado zimefumba, azitunga hivyo hivyo, zinakuja kufunguka zishavaliwa. Wallahi tulipomtoa mdogo wangu ukumbi mzima ulinuka asumini! Nilimuuliza kama tuchanganye na afu, ua jengine la jamii ya asumini, akaniwekea zote mbili kiganjani, afu vijani vyake vyembamba vimechongoka kama nyota, asumini zake za mviringo zimepandana, akaniambia mwanangu koja la afu hunukia lakini halijazi shingo.

Kwenye mkadi, mti wa maua ya kunukia, yeye anatumia ua la mkadi mume, zile jani zake nyeupe, maana mkadi jike ni wa kuzaa matunda, harufu ile hauna. Anatoa miba ya ukingoni kwa kisu, anachana, anakunja, kazi ya mkono yote. Mie nikaleta maua ya langilangi niliyochuma kwa khalti asubuhi nikijua nimepunguza gharama, akayakataa, yalikuwa bado kijani. Akanipa ya njano yenye wekundu ndani ninuse na yangu, aisee hayakaribiani hata kidogo.

Tulibishana kwenye waridi tu. Nilitaka yale makubwa mekundu ya Naivasha kwa ajili ya picha, akasema hayo tuyaweke mezani kwenye vasi, yanakaa siku nyingi lakini mengi hayanuki, kikubani akatia waridi ndogo za pinki za hapa hapa. Nilinung'unika lakini alikuwa sawa, watu walikuwa wanainamia kifua cha bi harusi wanusa kabla hata hawajamtazama uso.

Bei alinitoza shilingi 100 kila kikuba, kuna wanaouza nusu ya hapo. Haleti nyumbani, unafuata mwenyewe baada ya alasiri, na oda kubwa anataka siku tatu mbele ili ajue asumini atazipata wapi, basi msiende dakika ya mwisho mkamlaumu. Anavifunga kwa jani la mgomba lililonyunyiwa maji na hataki kabisa uvitie mfuko wa plastiki, vinatoka jasho vinaungua.

Cha bi harusi mamangu amekitia kabatini kati ya kanga, leo wiki ya pili, asumini zishakauka zote lakini ukifungua mlango bado mkadi wanuka.