Kamusi ya TLFi kwa mkalimani wa hospitali: nilivyoipima kwa neno "rein"

Nafanya ukalimani wa Kiswahili na Kifaransa hospitalini hapa Ufaransa, na wengi ninaowahudumia wanatoka Kongo na Burundi. Kamusi ninayoifungua kuliko zote ni TLFi, yaani Trésor de la langue française, juzuu 16 zilizochapwa kati ya 1971 na 1994, ambazo sasa zinasomwa bure kwenye tovuti ya CNRTL, kituo cha Ufaransa cha kuhifadhi matini na kamusi za Kifaransa.

Anayetaka kujua thamani yake atafute "rein". Kamusi ya mfukoni itamwambia "figo" na kumwacha hapo. Kwa daktari anayeandika ripoti, sawa, rein ni figo. Lakini Mfaransa akilalamika "j'ai mal aux reins", mara nyingi figo zake ni nzima kabisa: kinachomuuma ni kiuno, pengine kwa kuinama bustanini kutwa. "Tour de reins" ni kiuno kukaza ghafla baada ya kunyanyua mzigo. TLFi inaitenga maana hii ya wingi, sehemu ya chini ya mgongo, na ile ya kiungo chenyewe, kisha inakupa misemo. "Avoir les reins solides" ni kuwa na fedha za kuhimili misukosuko. "Chute de reins" ni mbonyeo wa kiuno unaoteremkia makalioni, na husemwa kwa kusifia! Figo za mnyama zikifika mezani huitwa "rognons".

Kwa kazi yangu hili si pambo. Mgonjwa wa kisukari akisikia neno figo wakati daktari ameulizia kiuno, atarudi nyumbani na hofu isiyo yake. Tena mawe ya figo nayo huuma ubavuni na kiunoni, kwa hiyo maneno peke yake hayatoshi. Huwa namwomba daktari aonyeshe kwa mkono anapopaulizia.

Usitafute humo tiba ya leo. Uandishi wake ulikamilika 1994, na mifano mingi ni ya waandishi wa karne ya 19 na ya 20. Kwa majina ya magonjwa na vipimo nahamia kamusi ya mtandaoni ya Académie nationale de médecine, nayo ni bure.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu ya vifupisho na aya ndefu zilizosongamana; ukiisoma kwenye simu utapapasa sana kabla ya kufika unapotaka.