Mashine ya presha ya nyumbani, miezi mitano tunaitumia

Nimeona niandike maana kabla sijanunua nilihangaika sana kutafuta mtu aliyeitumia akaeleza kwa Kiswahili, sikumpata. Ni ile ya digitali ya mkono wa juu, unafunga kitambaa juu ya kiwiko unabonyeza kitufe inajipuliza yenyewe, nilinunua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya hospitali sh 85,000. Nilimnunulia mama, ana miaka 61 tunakaa nae Mbagala, anatumia dawa za presha ila kila akienda kliniki anaambiwa iko juu, yeye anasema mbona najisikia mzima.

Siku ya kwanza ilitutisha. Mama ndo ametoka sokoni, nikamfunga hapo hapo, kitambaa chenyewe kimemfika mkononi kwa tabu ile sehemu ya kunata inaachia achia, na yeye anaongea na dada jikoni kuhusu samaki. 168 kwa 102! Usiku sikulala. Asubuhi tukaenda zahanati, nesi akamkalisha, akamwacha kama dakika tano bila kumuuliza kitu, akafunga kitambaa kikubwa, ikatoka 144 kwa 88. Afu akaniuliza, kitambaa chenu saizi gani? Mimi sikujua hata kama vina saizi.

Kumbe vina, na imeandikwa ndani ya kitambaa kwa sentimita. Chetu kilikuwa cha mkono wa 22 mpaka 32, mama mkono wake ni 36. Kitambaa kikiwa kidogo kinahitaji upepo mwingi zaidi ndo kiubane mshipa, na mashine inasoma huo upepo, kwahiyo inakuletea namba ya juu kuliko presha yenyewe. Nilirudi dukani wakaniuzia kikubwa sh 30,000 nyingine. Hapo niliumia kwakweli, sio hela tu, ni kwamba hakuna aliyeniuliza mwanzo namnunulia nani na ana mkono gani, na mtu mwingine angeweza kuongeza dozi ya dawa kwa ajili ya kitambaa.

Sasa baada ya hapo nikawa na maswali mengi, nikaanza kumuuliza nesi kila tukienda, mengine najaribu mwenyewe. Mfano mkono. Nikiuweka mezani usawa wa moyo napata 118, nikiuacha unaning'inia pembeni ya kiti inakuja 129, mtu yule yule kiti kile kile. Nesi akanielewesha kwa tenki la maji, bomba la chini kabisa ndo lina nguvu, na damu nayo ni hivo hivo, mkono ukishuka chini ya moyo uzito wa damu unaongezeka, kila sentimita 10 ni kama namba 8 hivi. Na mkojo! Kibofu kikijaa presha inapanda, kwahiyo mama anaenda chooni kwanza. Kukunja nne inapandisha, kuongea inapandisha, kahawa au sigara ndani ya nusu saa hivo hivo. Mikono miwili pia haitoi namba sawa, mama wa kulia unazidi wa kushoto kama 5, hiyo kawaida, unafuata ule wenye namba ya juu siku zote, ila tofauti ikizidi 10 mara kwa mara mwambie daktari.

Namba zenyewe nilikuwa nazitaja tu bila kujua ni nini. Ya juu ni moyo ukisukuma, ya chini ni moyo ukipumzika kabla haujasukuma tena, na ni milimita za zebaki, yani 120 maana yake damu ina nguvu ya kuinua zebaki kwenye kibomba urefu huo. Kitambaa cha kufunga mkono alikuja nacho daktari wa Italia, Riva-Rocci, 1896, na ile ya kusikiliza kwa vipimio vya masikioni ni ya Korotkov wa Urusi mwaka 1905. Hii yetu haisikilizi, inahisi mtetemo wa mshipa upepo ukiwa unatoka. Ndo maana ukitikisa mkono inaleta eror.

Kitu kingine ni kwamba nyumbani namba huwa chini kuliko kliniki, na madaktari wanalijua hilo, kliniki wanahesabu presha kuanzia 140 kwa 90, nyumbani ni 135 kwa 85. Foleni, daladala, wasiwasi wa kuona koti jeupe, vyote vinaingia humo. Mama saivi anacheza 132, 134. Alipoziona akataka kuacha dawa, "si nimepona mwanangu?" Nikamwambia hapana mama, hizo namba ndo dawa zinafanya kazi. Daktari nae akamwambia hivo hivo, akakubali.

Ila kilichonifanya niipende hii mashine ni baba mdogo. Ana miaka 52, fundi seremala, hajawahi kuumwa kichwa wala kizunguzungu, alikuja kutusalimia akapima kwa kujaribu tu. 164 kwa 101. Tukamwacha akapumzika, tukarudia, ile ile, kesho yake tena ile ile, na kitambaa chake kilikuwa saizi sahihi. Presha kwa watu wengi haiumi popote. Saivi ameanza dawa.

Mapungufu: karatasi ya maelekezo ni Kiingereza na Kichina tu, betri nne zilikaa miezi mitatu nikanunua waya wa umeme pembeni, na sauti yake inasoma namba kwa nguvu nyumba nzima inasikia, mama hapendi, bahati nzuri inazimika. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni rahisi kidogo ila zinakosea haraka mkono usipokaa usawa wa moyo, mi nisingechukua.

Ukienda kununua chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia katikati ya bega na kiwiko cha huyo mtu, andika namba, uende nayo dukani, na wafungue boksi uone kitambaa kimeandikwa ngapi kabla hujatoa hela.