Mama ndo bosi: miaka miwili na zaidi na IHSS ya California

Kila nikienda msibani au harusini lazima kuna mtu ananivuta pembeni ananiuliza, hivi nyie mama mnamuuguzaje, nani anashinda nae, au mmempeleka nyumba ya wazee? Hapana, hatujampeleka. Mama yuko nyumbani, chumbani kwake, na anaemsaidia kila siku kamchagua mwenyewe, na mshahara wa huyo msaidizi unatoka serikalini kupitia programu inaitwa IHSS, kirefu chake In-Home Supportive Services, yaani huduma za kumsaidia mtu nyumbani kwake. Naandika kwa urefu manake wengi wanaambiwa nusunusu, na mi mwenyewe ningeambiwa yote mapema tusingepoteza miezi.

Mama alipata kiharusi Novemba 2022, mkono na mguu wa kushoto vikalala. Akili iko sawa kabisa, maneno yamerudi, ila kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupika, kushuka kitandani, vyote hivo mpaka ashikwe. Mwanzo tulichukua kampuni ya wahudumu wa majumbani, sitaitaja, tukawa tunalipa mfukoni dola 38 kwa saa na dada mmoja aliekuja akaniambia yeye mkononi anapata 18. Hela iliuma lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kila siku sura mpya, wiki moja walikuja watu watano. Siku moja nimerudi kutoka shifti ya usiku namkuta mama amekaa kwenye kiti kajifunika khanga mbili, hajaoga siku ya tatu, kumbe kampuni imeleta kijana wa kiume kumuogesha na mama kagoma asiguswe. Mama yangu ni mtu wa Tanga, kakulia Ngamiani, mpaka leo anaoga na khanga mwilini hata mimi mwanae sijamuona bila stara. Hakunilalamikia, aliniambia tu mwanangu nipe maji nijifute mwenyewe. Niliingia bafuni nikalia.

Ndo mama mmoja Mkenya tunaesali nae akaniambia kuhusu IHSS.

Kwa asieijua, ni programu ya jimbo la California, ipo tangu miaka ya 70 na sasa hivi inahudumia watu zaidi ya 700,000. Unatakiwa uwe na Medi-Cal, ile bima ya afya ya serikali ya California kwa wenye kipato kidogo, uwe unaishi nyumbani, na uwe mzee wa miaka 65 kwenda mbele au huoni au una ulemavu, hata mtoto anaingia. Daktari anajaza fomu kwamba bila msaada huwezi kubaki nyumbani salama. Kisha kaunti inatuma ofisa ustawi, anakaa na nyie anauliza kazi moja moja, kuoga dakika ngapi, kula, choo, kutembea, dawa, kufua, kwenda sokoni, anajumlisha anakupa masaa kwa mwezi. Kikomo ni masaa 283. Sasa hapa ndo penye utamu wake: kaunti inapima na hela inalipwa na serikali, lakini bosi ni mgonjwa. Yeye ndo anatafuta mtu, anamsaili, anamfundisha, anapanga ratiba, anakubali masaa, na akishindwana nae anamwachisha. Mtu mwenyewe anaweza kuwa mwanae, mkwe, jirani, yeyote atakaepita kwenye alama za vidole na kuhudhuria mafunzo mafupi ya kuanza.

Na hili wazo halikuletwa na mabwana wakubwa ofisini, lilipiganiwa na walemavu wenyewe. Kulikuwa na Ed Roberts, alipooza kwa polio akiwa na miaka 14, akaingia chuo kikuu pale Berkeley, hapahapa California, mwaka 1962, wakamlaza kwenye hospitali ya chuo manake mabweni hayakuweza kubeba mashine yake ya kupumulia. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakafungua Center for Independent Living, kituo cha walemavu kujitegemea, na hoja yao kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba mtu anaekunyanyua na kukuvalisha nguo umchague wewe na umuelekeze wewe. Nikimuona mama anavoelekeza watu nawaombea heri wale.

Haya, sasa kosa letu, na naomba mtu mwenye mzazi asome hapa polepole.

Siku ofisa ustawi anakuja, mama aliamka alfajiri. Akataka avalishwe gauni la sikukuu, wanja, marashi, nyumba ipigwe deki, na mgeni apikiwe chai ya tangawizi na vitumbua. Ofisa kafika, mkalimani wa Kiswahili yuko kwenye simu (wanamleta bure, ni haki yako, usikubali mtoto wa miaka kumi atafsiri), akaulizwa unaendeleaje mama? Akajibu mzuri tu, namshukuru Mungu. Kuvaa je? Naweza, naweza. Kula? Hamna shida. Yaani mgeni kaingia kwako, umwambie nini zaidi ya nzuri? Sisi tumelelewa hivo, mtu ana homa ya digrii 40 ukimsalimia anakwambia sijambo. Mi nilikuwa jikoni namimina chai, najisikia vizuri kwamba mama amechangamka.

Barua ikaja: masaa 61 kwa mwezi. Masaa mawili kwa siku! Nikaomba kuliona faili lake, unaruhusiwa kuliomba, na kwenye sehemu ya choo nikakuta pameandikwa kwamba usiku anajimudu mwenyewe. Nikamuuliza mama ulisemaje? Akasema nilimwambia usiku najisaidia mara tatu au nne. Nilikaa chini. Mama kasema kujisaidia kwa adabu yake, anamaanisha choo, na mkalimani kwenye simu kaipeleka kwa Kiingereza kwamba anajisaidia, yaani hahitaji mtu. Neno moja tu la stara limetukatia masaa ya usiku kucha.

Barua ile inakupa siku 90 kuomba kusikilizwa na jaji wa jimbo. Nikaomba. Na wakati tunasubiri nikanunua daftari, wiki mbili nzima kila nilichomfanyia mama naandika na saa yake, saa 8 usiku choo dakika 15, saa 10 na nusu choo na kubadilisha shuka dakika 25, kuoga dakika 40, kumgeuza, kumfunga viatu. Kabla hata tarehe haijafika kaunti wakapiga simu wanataka kurudi kupima upya. Safari hii nilimwambia mama usiku wake, mama yangu, kesho hakuna vitumbua, kesho unasema kila kitu kama unamwambia daktari, na siku ya kusema ni ile mbaya, siyo ile nzuri. Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi alivaa dera la nyumbani, na alipoulizwa choo akatazama chini akasema, siwezi peke yangu, binti yangu ananishika, na nisiposhikwa nachafua kitanda. Nilimuona inavomgharimu kuyasema yale. Tukapata masaa 148.

Fomu ya daktari nayo ina siku 45 tu, na kliniki yetu ilikaa nayo mezani mpaka nikaenda kusimama pale kaunta siku nzima. Usiitume kwa faksi ukalala.

Baada ya hapo mama akaanza ubosi. Kwanza nilitaka kumpa kazi binamu yangu manake hana kazi na ni damu yetu, na hapo nashauri watu wafikirie mara mbili. Alikuwa anafika saa 5 badala ya saa 3, na mama hawezi kumsema, atamsemaje mtoto wa kaka yake, maneno yatafika Tanga kabla ya jua kuzama. Alikaa wiki sita. Mwisho mama alimuita, akamwambia mwanangu nakupenda lakini mimi nakojoa saa 3. Akaachishwa kwa heshima na tuko vizuri mpaka leo. Kwenye orodha ya wasaidizi wa kaunti hatukupata hata mmoja wa Kiswahili, tukampata dada wa Mombasa kupitia watu. Mama alimsaili mwenyewe kitandani. Hakumuuliza uzoefu, alimwambia kanikorogee uji, halafu nioneshe utanitoaje hapa unipeleke kwenye kiti. Uji ukatoka bila madonge, na yule dada kabla hajamgusa alisema shikamoo mama, naomba nikushike hapa mgongoni. Kazi akapewa palepale. Anamuogesha na khanga yake mwilini kama anavotaka, na toka aje vidonda vya mgongoni vimekauka.

Masaa yanajazwa kwenye simu, mara mbili kwa mwezi, msaidizi anaandika na mgonjwa anakubali. Mama anafanya mwenyewe kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, miwani kavaa, hataki kuharakishwa. Mimi nachukua baadhi ya masaa na dada mengine, na mwezi mmoja niliandika masaa ya Jumanne ambayo nilikuwa kazini, nimechanganya siku. Mama akakataa kukubali. Mwanangu, Jumanne hukuwepo, alikuwepo mwenzio. Nikarekebisha. Na ni lazima iwe hivo, manake kuandika saa ambayo hukufanya ni wizi na watu wanashtakiwa.

Kuhusu hela, kiwango kinatofautiana kaunti na kaunti, kinapangwa na kaunti pamoja na chama cha wafanyakazi, ila hakishuki chini ya kima cha chini cha jimbo ambacho 2025 kilikuwa dola 16.50. Ukizidi masaa 40 kwa wiki unalipwa moja na nusu. Na kama msaidizi anaishi nyumba moja na mgonjwa, ule mshahara hauingii kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu, kuna fomu SOC 2298 ya kujaza, watu wengi sana wanakatwa bure kwa kutoijua. Alama za vidole msaidizi anajilipia mwenyewe, hilo sijalipenda, mtu hajapata hata senti ya kwanza.

Mengine nisiyoyapenda ni makubwa zaidi. Usafi wa nyumba wanahesabu masaa 6 kwa mwezi kwa nyumba nzima halafu wanagawa kwa idadi ya watu, sasa nyumba ina mgonjwa masaa 6 yatafagia nini? Dada akiumwa, wa kuja badala yake ni mimi, na bosi wangu wa kazini hajali. Na kubwa kuliko yote, kumwangalia mtu asianguke hakulipwi kama akili yake ni nzima. Ule uangalizi wa masaa yote ni kwa wenye shida ya akili au kumbukumbu tu, fomu yake ni SOC 821, kama mzee wako ana ugonjwa wa kusahau iulizie siku ya kwanza. Mama akili yake ni nzima, kwa hiyo usiku nalipwa zile dakika ninazomnyanyua, na zile ninazolala kwa sikio moja sakafuni pembeni ya kitanda chake hazipo popote.

Nyota 4 kati ya 5, na ile moja imebaki kwenye huo usiku.

Programu za namna hii zipo na kwingine: wenzangu mlioko Uingereza mna direct payments, Texas kuna CDS, New York kuna CDPAP, kanuni zake ni tofauti lakini mgonjwa kumchagua msaidizi ni kulekule. Kwa wa California, piga simu kaunti yako leo, usisubiri mpaka daktari ajaze, kwa sababu masaa yakikubaliwa yanaweza kuhesabiwa kurudi nyuma mpaka siku ulioomba. Anza daftari leoleo usiku. Wakikuuliza lugha sema Kiswahili, halafu wewe kaa karibu na ile simu, chai amimine mtu mwingine.